Tarakimu Moja, Thamani Nyingi: Kumfundisha Mtoto Namba Kubwa

Tuanze na kisa. Bibi mmoja mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, aliuza matenga matano ya nyanya kwa mchuuzi aliyepanda kutoka mjini Morogoro. Bei waliyopatana ilikuwa shilingi 41,000 kwa kila tenga. Mchuuzi hakuwa na fedha zote mkononi. Akaandika deni lake katika kipande cha karatasi, akatia sahihi, akaahidi kulipa baada ya siku tatu. Jioni ile bibi alimwita mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la nne, amsomee. Karatasini paliandikwa 205000, bila alama ya mkato. Mtoto aliitazama kwa makini, kisha akasema: “Bibi, ni ishirini elfu na mia tano.”

Usiku ule bibi hakupata usingizi. Kulipopambazuka alishuka na karatasi yake hadi kwa mwalimu, akamweleza kwamba ameibiwa. Mwalimu alichukua kalamu, akahesabu tarakimu tatu kuanzia mkono wa kulia, akatia mkato mmoja: 205,000. “Bibi,” akasema, “hukuibiwa. Hii ni laki mbili na elfu tano, sawasawa na mlivyopatana.”

Mchuuzi hakudhulumu, wala mtoto hakuwa mjinga. Alizijua tarakimu zote sita na akaziona zote. Kilichomponyoka ni kitu kimoja tu, nacho ndicho nguzo ya hesabu zote anazofundishwa: kwamba thamani ya tarakimu hutokana na mahali ilipokaa. Walimu hukiita thamani ya nafasi. Katika makala haya tutaeleza asili ya jambo hili, sababu zinazolifanya liwe gumu kwa mtoto anayehesabu kwa Kiswahili, na njia za kulifundisha kwa vitu vinavyopatikana katika kijiji chochote cha Uluguru.

TARAKIMU KUMI, NAFASI ZISIZO NA MWISHO

Mfumo wetu wa kuandika namba una alama kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Kwa alama hizo kumi twaweza kuandika idadi ya vidole vya mkono mmoja, na kwa alama hizo hizo twaweza kuandika idadi ya watu wa taifa zima. Siri yake ni kwamba kila tarakimu ikihamia nafasi moja kwenda kushoto thamani yake huongezeka mara kumi. Ndiyo maana tunazo nafasi za mamoja, makumi, mamia, maelfu, makumi elfu, mamia elfu, na mamilioni. Na orodha hiyo haina kikomo.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Katika namba hiyo tarakimu 1 imeandikwa mara tatu. Ya kwanza kutoka kushoto ni watu milioni moja. Ya pili ni watu elfu moja, wanaoweza kuwa wanafunzi wa shule moja kubwa ya msingi. Ya tatu ni watu mia moja, ambao wangeenea katika vyumba viwili vya darasa. Umbo la alama ni lile lile, lakini moja yasimama badala ya umati usioweza kuonekana kwa jicho, na nyingine yasimama badala ya watu ambao mwalimu angeweza kuwaita majina yao wote.

Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 3,197,104 katika Mkoa wa Morogoro. Mtazame sifuri aliye katika nafasi ya makumi. Mtoto huambiwa kwamba sifuri si kitu. Basi na tumwondoe huyo asiye kitu, tuandike tarakimu zilizobaki: 319,714. Kwa kufuta alama moja inayosemekana kuwa tupu tumewapoteza watu 2,877,390. Ni dhahiri, basi, kwamba sifuri anayo kazi: hulinda nafasi isiyo na kitu ili tarakimu zilizo kushoto kwake zisiteremke.

MFUMO HUU ULIKOTOKA

Wanadamu walichukua muda mrefu kufikia mfumo huu, na mwalimu akumbuke hivyo kabla ya kumkaripia mtoto aliyekosea. Warumi walijenga dola kubwa bila kuufahamu. Mwaka 1988 kwa tarakimu za Kirumi huandikwa MCMLXXXVIII, herufi 11. Lakini mwaka 2000 huandikwa MM, herufi mbili tu. Kwa hiyo urefu wa namba ya Kirumi haumwambii msomaji lolote kuhusu ukubwa wake, na kuzidisha kwa herufi hizo ni kazi ya kuchosha mno.

Wababeli wa kale walitumia nafasi, ila kwao kila nafasi ilikuwa mara sitini ya ile iliyotangulia. Masalio ya mfumo wao tungali nayo katika saa zetu: sekunde 60 hufanya dakika, na dakika 60 hufanya saa. Mfumo wa kumi wenye sifuri ulikomaa huko India, ambako mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa sifuri. Katika karne ya tisa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, alieleza hesabu hiyo kwa Kiarabu. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kama Fibonacci, aliieneza kwa kitabu chake katika Ulaya. Waarabu waliiita alama tupu kwa neno lenye maana ya utupu, na neno hilo ndilo lililotupatia “sifuri”. Neno hilo hilo lilipita katika lugha za Ulaya na kuwa “ziro”. Kwa hiyo mtoto anayesema sifuri na yule anayesema ziro wanatamka neno moja lililopita njia mbili.

Wenyeji wa mwambao wetu nao walikuwa na mazoea yao ya kupanga kwa makumi. Katika kalenda ya kale ya Waswahili, iliyowaongoza mabaharia na wakulima, mwaka uligawanywa katika miongo, na kila mwongo ulikuwa siku kumi. Miongo 36 na siku tano za nyongeza hukamilisha siku 365. Aliyetaka kuitaja siku ya 47 aliweza kusema kwamba miongo minne imekwisha na hii ni siku ya saba. Huo ndio ufahamu wa makumi na mamoja, ijapokuwa haukuandikwa kwa nafasi.

LUGHA YETU NA NAMBA

Hapa twafikia jambo lisilozingatiwa mara kwa mara. Mtoto hukutana na namba kwa sikio kabla hajakutana nayo kwa jicho. Hapana budi tuchunguze maneno tunayompa.

Kiswahili kimemtendea mtoto wema mkubwa katika namba za 11 hadi 19. “Kumi na tano” yajieleza yenyewe: ni kumi, na juu yake tano. Tukifika 20 wema huo wakatika. Majina ya makumi kuanzia ishirini hadi tisini yametoka katika Kiarabu, nayo ni manane. Kati ya hayo matatu tu yanafanana na tarakimu zake: sitini na sita, sabini na saba, tisini na tisa, na hii ni kwa sababu sita, saba na tisa nayo yametoka huko huko. Matano yaliyosalia hayamwonyeshi mtoto lolote. Katika “ishirini” hakuna mbili, katika “thelathini” hakuna tatu, katika “arobaini” hakuna nne, katika “hamsini” hakuna tano, na katika “themanini” hakuna nane. Mtoto hana budi kuyakariri.

Dawa yake ni nyepesi. Kwa majuma machache mwalimu na azitamke namba kwa njia mbili: 53 ni “hamsini na tatu”, nayo pia ni “makumi matano na tatu”. Matamshi haya ya pili ni Kiswahili safi, na mtoto anayeyasikia huiona nafasi kwa sikio lake.

Ugumu wa pili umo katika neno dogo “na”. Mia mbili ni 200, bali mia na mbili ni 102. Tarakimu inayofuata mara moja baada ya mia au elfu huzidisha. Inayotanguliwa na “na” hujumlishwa. Mtu mzima hafikirii habari hizi hata kidogo, lakini kwa mtoto mpaka kati ya kuzidisha na kujumlisha umewekwa juu ya silabi moja.

Ugumu wa tatu ni mkubwa zaidi. Je, “elfu ishirini na tano” ni namba gani? Wengi watajibu 25,000. Lakini atakayejibu 20,005 hajakosea sarufi. Sokoni utata huu hautudhuru, kwa maana hakuna anayedai shilingi tano juu ya elfu ishirini, mazingira hutufasiria. Katika imla ya namba darasani hakuna nyanya wala mnunuzi wa kutufasiria, na mtoto aweza kuandika jibu la haki akapewa alama ya kosa. Njia ya kuepuka utata huo ni kulitanguliza fungu lote kabla ya neno elfu: “ishirini na tano elfu” kwa 25,000, na “ishirini elfu na tano” kwa 20,005. Mwalimu akishika kawaida hii tangu darasa la tatu atakuwa ameondoa chanzo kizima cha makosa.

Ugumu wa nne ni laki. Neno hili lililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi, na huko India laki moja huandikwa 1,00,000, mkato ukitenga laki na maelfu. Sisi tumelichukua neno lakini mikato yetu hutenga tarakimu tatu tatu. Matokeo yake ni kwamba laki ina jina lake yenyewe, bali haina mkato wake. Mtoto akisikia “laki mbili na elfu thelathini” hana budi kuunganisha viwili hivyo kuwa 230 kabla ya kuandika mkato: 230,000. Tena sokoni watu hufupisha: “laki mbili na thelathini” husemwa kwa maana ya 230,000, wala si 200,030. Haifai kuikataza lugha ya sokoni. Inafaa mtoto aelezwe wazi kwamba laki ni mia moja elfu, na kwamba makazi yake ni nafasi ya mamia katika kundi la maelfu.

MAKOSA YENYE MANTIKI

Mwambie mtoto aandike “arobaini elfu, mia tatu na sita”. Mara nyingi ataandika 403006, au hata 400003006. Kabla ya kulikata jibu kwa wino mwekundu, tulitazame. Mtoto ameandika 40, kisha 300, kisha 6. Au 40000, kisha 300, kisha 6. Ameandika kila alichokisikia, kwa utaratibu alioufuata kwa uaminifu. Kosa hili hutokea ulimwenguni kote. Halionyeshi uvivu, laonyesha kwamba mtoto hajatambua kuwa sifuri za 40,000 ni viti vitupu vinavyosubiri wenyewe.

Njia nzuri ya kulirekebisha ni kadi za kufunikiana, ambazo mwalimu mashuhuri wa Italia Maria Montessori alizitumia katika mafunzo ya watoto wadogo. Kata kadi kutoka maboksi ya sabuni. Kadi ya mamoja iwe na upana wa tarakimu moja, ya makumi upana wa tarakimu mbili, ya mamia tatu, na kadhalika. Mtoto huchukua kadi ya 40000, ya 300 na ya 6. Huziweka moja juu ya nyingine, kingo za kulia zikilingana. Papo hapo hujitokeza 40306. Sifuri hazikupotea: zimefunikwa na wageni waliokuja kukaa. Sifuri mbili tu zabaki wazi, nazo zaeleza kwamba hakuna maelfu ya ziada wala makumi. Zoezi hili la dakika tano laweza kufanya kazi ambayo maelezo ya juma zima hayakuifanya.

NGAZI NNE ZA KUPANDIA

Mtu apandaye Lupanga kutoka Morogoro mjini hafiki kileleni, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hatua moja. Katika thamani ya nafasi kuna ngazi nne, na shida nyingi hutokana na kumrusha mtoto kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho.

Ngazi ya kwanza ni vijiti. Kila mtoto alete vijiti 20 vya matete au mianzi. Darasa la watoto 50 litakuwa na vijiti 1,000 bila kutumia hata senti. Vijiti kumi vifungwe kwa kamba ya mgomba kuwa fungu. Mafungu kumi yawe mzigo. Mizigo kumi iwekwe pamoja. Hapa mtoto huona na kuinua: elfu ni nzito, kumi ni nyepesi. Shule yenye watoto 500 yaweza kukusanya 10,000, ikawa maonyesho ya siku ya wazazi.

Katika ngazi hii mwalimu atahadhari na mifano ya makundi yasiyolingana. Uluguru ni nchi ya migomba, na mtoto hujua kwamba ndizi hufanya chana, na chana hufanya mkungu. Mfano huu wafaa kuonyesha wazo la kundi ndani ya kundi. Lakini hakuna kanuni ya ndizi ngapi kwa chana, wala chana ngapi kwa mkungu. Vivyo hivyo dazani ni 12, korija ni 20, na vibaba vinne hufanya pishi. Waulize watoto: je, tungeweza kuandika namba kwa mikungu, chana na ndizi? Watagundua wenyewe kwamba haiwezekani, kwa kuwa kipimo hubadilika. Namba zetu hutegemea ahadi moja isiyovunjwa: kila hatua ni kumi.

Ngazi ya pili ni mbegu. Punje ya mahindi iwe moja, haragwe liwe kumi, mbegu ya mbarika iwe mia. Watoto wacheze mchezo wa benki: kila apatapo punje kumi hana budi kuzipeleka kwa mtunza benki na kupewa haragwe moja. Tofauti na ngazi ya kwanza ni kubwa. Haragwe si kubwa mara kumi kuliko punje. Thamani yake ni mapatano tu, kama ilivyo noti ya shilingi elfu kumi ambayo haiwi nzito mara kumi kuliko noti ya elfu moja.

Ngazi ya tatu ni abakasi. Mwalimu aweza kuitengeneza kwa ubao, spoku za baiskeli na vizibo vya soda vilivyotobolewa katikati. Spoku zikatwe ziwe fupi, kiasi cha kubeba vizibo tisa na visizidi. Mtoto akitaka kuweka cha kumi hakitoshi; hulazimika kuviondoa vyote na kuweka kimoja katika spoku ya kushoto. Hapa aina ya kitu imeondoka. Vizibo vyote ni sawa, na kilichobaki kutofautisha thamani ni mahali tu.

Ngazi ya nne ndiyo tarakimu zenyewe. Mtoto aliyepitia ngazi tatu za kwanza atauona mstari wa tarakimu kama abakasi iliyochorwa, na spoku isiyo na kizibo ataiandika sifuri.

NYUMBA ZENYE VYUMBA VITATU

Kwa namba zinazozidi elfu, mikato na ifundishwe kama kuta za nyumba. Kila nyumba ina vyumba vitatu: cha mamoja, cha makumi na cha mamia. Nyumba ya kwanza kutoka kulia ni ya mamoja, ya pili ni ya maelfu, ya tatu ni ya mamilioni. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma namba ya tarakimu tatu hahitaji kujifunza usomaji mpya. Husoma kila nyumba kivyake, kisha hutaja jina la nyumba. Hivyo 61,741,120 ni “milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini”.

Kanuni ni mbili. Kwanza, kuta hupimwa kutoka kulia, ijapokuwa kusoma huanza kushoto. Mjukuu wa yule bibi alianza kukata kutoka kushoto, na humo ndimo alimopotea. Pili, nyumba ya kushoto kabisa yaweza kuwa na chumba kimoja au viwili, lakini zote zinazofuata sharti ziwe na vyumba vitatu, hata kama vyote ni vitupu.

MILIONI NI KIASI GANI?

Mtoto aweza kuandika 1,000,000 pasipo kosa na asiwe na picha yoyote akilini. Kwake elfu, laki na milioni ni majina matatu ya “nyingi”. Tumpe picha.

Tuhesabu punje za mahindi. Punje elfu moja zilizokauka vizuri zina uzito wa gramu 300 hivi, kwa kutegemea aina ya mbegu. Watoto wahesabu elfu moja kwa mafungu ya kumi kumi, waziweke katika kikombe, wazipime katika mizani ya dukani. Tangu hapo hesabu yaendelea yenyewe. Elfu kumi ni kilo tatu. Laki moja ni kilo 30, yaani debe moja na nusu na zaidi kidogo. Milioni moja ni kilo 300: magunia matatu ya kilo mia mia. Kikombe kimoja, na magunia matatu yanayoweza kuisogeza familia hadi mavuno mengine: hiyo ndiyo tofauti kati ya elfu na milioni. Mtoto wa mkulima hatahitaji kuelezwa mara ya pili.

Picha ya pili ni rula ya mita. Chora sakafuni mraba wenye upande wa mita moja. Kila upande una milimita 1,000, kwa hiyo ndani ya mraba mna milimita za mraba 1,000,000. Watoto wakisimama kuuzunguka wanaitazama milioni nzima kwa mara moja.

Picha ya tatu ni wakati. Sekunde elfu moja ni dakika 16 na sekunde 40, karibu nusu ya kipindi cha darasani. Sekunde laki moja ni siku moja, saa 3, dakika 46 na sekunde 40. Sekunde milioni moja ni siku 11, saa 13, dakika 46 na sekunde 40. Na bilioni je? Bilioni moja ya sekunde yakaribia miaka 32. Mwanafunzi na amuulize mwalimu wake kama amekwisha kuishi bilioni moja.

SOKO NI DARASA

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, Brazili. Waliwaendea watoto waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakanunua kwao na kuwauliza bei na chenji. Watoto walijibu kwa usahihi mara 98 katika kila mia. Baadaye watoto hao hao walipewa kalamu na hesabu za namna ile ile zilizoandikwa kama za shuleni. Safari hii walipata kiasi cha 37 tu katika kila mia. Akili zao hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kwamba hesabu ya mdomo, ambayo waliielewa, ilitengwa na hesabu ya maandishi, ambayo walikuwa wakiikariri.

Funzo hili latuhusu sana. Tazama mtoto wa Kinole au Matombo akimuuzia mteja ndizi za shilingi 3,650 na kupewa noti ya shilingi 10,000. Hatoi kwa kuchukua. Hupanda: hamsini, inafika 3,700, mia tatu, inafika 4,000, elfu sita, inafika 10,000. Chenji ni 6,350. Kila hatua aliyopanda ilijaza nafasi moja hadi ikafika kumi na kuhamia kushoto. Mtoto huyu anaijua thamani ya nafasi, ila hakuna aliyemwambia kwamba anaijua. Kazi ya mwalimu ni kuandika ubaoni yale anayoyatenda mtoto sokoni, kisha kumwonyesha kwamba 10,000 kutoa 3,650 ni jambo lile lile kwa maandishi.

YA KUFANYA

Wazazi wengi hudhani kwamba hawana la kuchangia kwa kuwa hawakusoma sana. Sivyo. Mzazi aweza kumtaka mtoto asome kwa sauti bei za mbegu na mbolea, namba za mita ya maji, idadi ya kura zinazotangazwa redioni, au kiasi cha fedha kilichotumwa kwa simu. Siku hizi, ambapo fedha hupita katika simu za watu walio mbali na benki, sifuri moja iliyozidi yaweza kumpelekea mtu asiyejulikana akiba ya msimu mzima. Mtoto afundishwe desturi ya kutia mikato kabla ya kusoma, na kulitamka jibu kabla ya kubonyeza.

Desturi nyingine ni kukadiria. Hapa turudi Mgeta. Matenga matano, kila tenga shilingi 41,000: mara tano ya elfu arobaini ni laki mbili. Hata kama mtoto hakujua pa kutia mkato, makisio haya yangemwonya kwamba 20,500 haiwezi kuwa kweli, maana hiyo ni nusu ya bei ya tenga moja. Anayekisia kabla ya kusoma hadanganyiki kwa urahisi, wala hamshuku bure aliye mwaminifu.

Mchuuzi yule alirudi siku ya tatu kama alivyoahidi, akahesabu fedha zake zote. Bibi alimpa mjukuu noti azihesabu: ishirini za shilingi elfu kumi, na moja ya elfu tano. Mtoto alizipanga mkekani kumi kumi, akapata mafungu mawili na noti moja pembeni. Kisha akaichukua ile karatasi, akahesabu tarakimu tatu kutoka kulia, na mahali pale pale ambapo mwalimu alikuwa ametia mkato akaupitishia kalamu mara ya pili ili uonekane vizuri.